Bahati nasibu ya namba 6 kati ya 49: hela ya jakpoti inatoka wapi, na kuna namba za kuchagua?

Kibubu:

Wakuu, habari za jioni. Naomba wanaoijua bahati nasibu kwa undani wanieleweshe. Sizungumzii mikeka ya mpira, nazungumzia ile ya kuchagua namba 6 kati ya 49 halafu unasubiri droo.

Hela ya jakpoti inatoka wapi hasa, na kwa nini wiki nyingine inatangazwa imelimbikizwa mpaka inatisha? Kuna ukweli wowote kwenye hizi "namba baridi" ambazo watu wanadai zimechelewa kutoka, kwa hiyo ziko karibu? Na droo yenyewe, nini kinazuia isichezewe? Kazini tuko watu kumi tunafikiria kuchanga, ndiyo maana nauliza kwa mapana.

Hukumu ya dini naijua, aya ya 90 ya Surat al-Maida iko wazi kwa wanaoifuata, na nawaheshimu. Hapa nauliza mtambo unavyokwenda.

Mzee wa Hesabu:

Mkuu, shika kwanza namba moja: 13,983,816. Ndiyo idadi ya seti zote tofauti za namba 6 zinazopatikana ndani ya 49. Zidisha 49 × 48 × 47 × 46 × 45 × 44, kisha gawa kwa 720, kwa sababu mipira 6 inaweza kutoka kwa mfuatano wa namna 720 na mfuatano hauhesabiwi. Tikiti yako ni seti moja kati ya hizo.

Sasa zilinganishe seti zote na namba zilizotoka. Seti 6,096,454 hazina hata namba moja. 5,775,588 zina moja. 1,851,150 zina mbili. Hapo umeshamaliza asilimia 98 ya seti zote na hakuna aliyelipwa. Zenye namba tatu ni 246,820, yaani tikiti 1 kati ya 57 hivi. Zenye nne ni 13,545, tikiti 1 kati ya 1,032. Zenye tano ni 258, na katika hizo 6 tu ndizo zinazopata pia mpira wa ziada, yaani ule wa saba unaotolewa baada ya sita za kwanza. Zenye sita: moja.

Tuje kwenye hela. Chukua mchezo wa mfano wenye tikiti ya Sh 1,000, na kwa droo moja zimeuzwa tikiti 2,000,000. Mauzo ni Sh bilioni 2. Hazirudi zote kwa wachezaji, wala haijawahi kuwa hivyo popote. Uingereza, enzi za Camelot, kampuni iliyokuwa ikiendesha bahati nasibu ya taifa, kila pauni iligawanyika takriban hivi: peni 50 zawadi, 28 miradi ya jamii, 12 kodi ya serikali, 5 muuza tikiti, zilizobaki mwendeshaji. Tuchukue nusu basi. Mfuko wa zawadi ni Sh bilioni 1.

Kwa mgao wa Uingereza wa mwaka 1994, wenye namba tatu walilipwa kwanza, kiasi maalumu, mara 10 ya dau. Kwetu hapa watakuwa kama watu 35,300, kila mmoja Sh 10,000, jumla milioni 353. Zimebaki milioni 647. Hizo ziligawanywa asilimia 52 kwa jakpoti, 16 kwa namba tano na mpira wa ziada, 10 kwa namba tano, 22 kwa namba nne. Kwa hiyo jakpoti ya droo hii ni milioni 336. Wenye namba nne watakuwa kama 1,940 na kila mmoja ataondoka na Sh 73,000 hivi. Wenye tano kama 36, kila mmoja Sh milioni 1.8. Angalia lilivyo kubwa pengo kati ya nne na tano, na kati ya tano na sita. Mchezo umeundwa hivyo makusudi, maana tangazo haliwezi kujengwa juu ya Sh 73,000.

Kulimbikizwa ni hivi: tikiti milioni 2 haziwezi kufunika seti karibu milioni 14. Uwezekano wa droo kukosa kabisa mshindi wa jakpoti ni kama asilimia 87. Ile milioni 336 inasukumwa kwenda droo ijayo, inaongezewa nyingine, hivyo hivyo. Droo tano mfululizo bila mshindi ni jambo la kawaida, linatokea karibu nusu ya mara. Kwa hiyo mkisikia "imelimbikizwa" msidhani ni neema. Ni idadi ya seti kuwa kubwa kuliko soko, na mwendeshaji anajua kabisa mara ngapi itatokea. Ndiyo maana Uingereza mwaka 2015 walihama kutoka namba 49 kwenda 59: seti zikaruka hadi 45,057,474, jakpoti zikawa zinavimba zaidi.

Chuma cha Tanga:

Mzee, sasa inafika wakati jakpoti inazidi gharama, si ndiyo saa ya kununua?

Mzee wa Hesabu:

Inafika, ila ni mbali kuliko watu wanavyofikiri. Kwa mfano wangu, zawadi ndogo zote zikijumlishwa zinarudisha wastani wa Sh 332 kwa kila tikiti ya 1,000. Sh 668 zilizobaki lazima zitoke kwenye jakpoti. Zidisha kwa seti 13,983,816: jakpoti inatakiwa ifike kama Sh bilioni 9.3 ndipo tikiti iwe na thamani sawa na bei yake. Kwa mwendo wa milioni 336 kila droo, hiyo ni droo 28, na uwezekano wa droo 27 kupita bila mshindi ni kama asilimia 2. Tena hapo sijakata kodi, na sijahesabu kwamba jakpoti ikipanda wanunuzi wanaongezeka, hivyo uwezekano wa kugawana nao unapanda.

Najua swali linalofuata: si tununue seti zote? Limeshafanyika. Februari 1992 kikundi cha wawekezaji, wengi wao wa Australia, chini ya Stefan Mandel, kiliilenga bahati nasibu ya jimbo la Virginia. Ilikuwa 6 kati ya 44, seti 7,059,052, tikiti dola 1, jakpoti dola milioni 27. Hesabu ilikuwa safi. Kilichowashinda ni uchapishaji: mashine za madukani hazikumudu, muda ukaisha wakiwa na kama milioni 5 tu. Seti iliyoshinda ilikuwemo kwenye hizo milioni 5, kwa hiyo walipata, lakini waliponea kwenye tundu la sindano. Kwa 6/49, mashine moja ikitoa tikiti kila sekunde 5 bila kulala, inahitaji siku 809.

Kuhusu namba baridi: hakuna kitu. Mpira haujui kama wiki iliyopita ulitoka. Italia kuna mchezo wa mipira 90 ambapo hutolewa mitano kwa kila mji. Namba 53 kwenye droo ya Venezia haikutoka tangu Mei 2003 mpaka Februari 2005. Watu walimwaga zaidi ya euro bilioni 3 wakiifukuzia, wengine wakauza mali na kukopa, na kulikuwa na vifo. Kila droo uwezekano wake ulikuwa ule ule, 1 kati ya 18, siku ya kwanza na siku ya mwisho. Na upande wa pili, Bulgaria Septemba 2009: 4, 15, 23, 24, 35, 42 zilitoka, na droo iliyofuata zikatoka zile zile sita. Serikali ikaagiza uchunguzi, haukukuta udanganyifu.

Unachoweza kuchagua ni utagawana na nani. Tarehe 14 Januari 1995 Uingereza zilitoka 7, 17, 23, 32, 38, 42. Jakpoti ya pauni milioni 16 ikakutwa na washindi 133, kila mmoja pauni 122,510. Namba zile zote zilikaa kwenye safu za katikati za fomu, na mikono ya watu hupenda kutawanya alama katikati ya karatasi. Wengine hupenda tarehe za kuzaliwa, hawavuki 31, ilhali seti zenye namba 31 kushuka chini ni asilimia 5 tu ya seti zote. Wengi pia hukwepa namba zinazofuatana kama 24 na 25, kumbe karibu nusu ya droo za 6/49 huwa na angalau jozi moja ya namna hiyo. Na wenye 1, 2, 3, 4, 5, 6 wakidhani wao ni wajanja peke yao, wamejaa. Ruhusu kompyuta ikuchagulie. Haikuongezei nafasi ya kushinda, inakupunguzia wenzio wa kugawana nao.

Fundi Mitambo:

Nijibu la droo kuchezewa. Utaratibu unaoaminika unaanza kabla mipira haijaguswa. Mauzo yanafungwa kwa saa iliyotangazwa. Faili la tikiti zote zilizouzwa linafungwa na kupewa alama ya kidijitali, nakala inakaa kwa mkaguzi wa nje. Ukibadilisha tikiti moja baadaye, alama inabadilika na wizi unaonekana. Hili ndilo jambo la kwanza la kuuliza, na watu hawaliulizi, wote wanakodolea macho mipira.

Mipira yenyewe huwa na seti kadhaa na mashine zaidi ya moja, na huchaguliwa kwa kura dakika chache kabla ya droo ili asiwepo mtu anayejua mapema kipi kitatumika. Mipira inapimwa uzito na kipenyo, inafungiwa kwenye sanduku lenye lakiri yenye namba, inafanyiwa droo za majaribio. Kuna mashine za kupuliza hewa zinazotumia mipira myepesi, na kuna za kuzungusha kwa mapanga zinazotumia mipira ya mpira mzito. Ile ya hewa ndiyo inayodhurika zaidi na tofauti ndogo ya uzito.

Mfano wake ni Pennsylvania, 24 Aprili 1980. Mchezo wa tarakimu tatu, mipira ya plastiki nyepesi. Mtangazaji wa droo, Nick Perry, na wenzake waliingiza rangi nyeupe kwa sindano kwenye mipira yote isipokuwa 4 na 6. Mizito ikabaki chini, na seti zinazowezekana zikawa 8 tu badala ya 1,000. Ikatoka 666. Walijulikana kwa sababu madau yalirundikana kwenye zile seti nane. Ndiyo maana mwendeshaji makini huangalia pia jinsi madau yalivyokaa, haishii kwenye mipira.

Droo za kompyuta zina hatari yake. Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa taarifa wa shirika linaloendesha bahati nasibu za majimbo kadhaa Marekani. Alipachika maandishi kwenye programu ya kuzalisha namba, ili siku fulani za mwaka matokeo yaangukie kwenye orodha fupi anayoweza kuikisia. Alinaswa kupitia tikiti ya dola milioni 16.5 ya Iowa ya Desemba 2010, mwaka 2017 akahukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Kwa hiyo mtu akikwambia "yetu ni ya kompyuta, haiwezi kuchezewa", muulize nani mwingine ameikagua programu, na kama aliyeiandika anaruhusiwa kuigusa baada ya ukaguzi.

Msafiri wa Minnesota:

Nyongeza kwa mnaofuatilia hizi za huku Marekani. Jakpoti inayotangazwa siyo ya mkononi. Powerball ya Novemba 2022 ilitangazwa dola bilioni 2.04. Hiyo ni jumla ya malipo 30 katika miaka 29, kila moja likizidi lililopita kwa asilimia 5. Anayetaka taslimu siku hiyo alipewa milioni 997.6, kisha serikali kuu inakata asilimia 24 hapo hapo na nyingine baadaye. Uwezekano: 1 kati ya 292,201,338. Ndugu wa nyumbani wakipokea ujumbe kwamba wameshinda Powerball bila kununua tikiti, wafute.

Binti Pangani:

Kaka zangu mmeongea hesabu vizuri, ila mnazungumza kana kwamba wanaocheza hawajui kugawanya. Wengi wanajua kwamba watakosa. Swali ni wananunua nini.

Kuna anayenunua siku tatu za kupanga nyumba atakayojenga. Kwa Sh 1,000 hiyo ni burudani ya bei nafuu, sina ugomvi naye. Kuna anayetafuta fedha ya mkupuo, na huyu ndiye wa kumtazama vizuri. Mwenye kipato cha kidogo kidogo anaona kabisa kwamba Sh 2,000 kwa wiki haitageuka kuwa kiwanja, kwa hiyo anaipeleka mahali ambapo angalau kwa maneno inaweza. Ni haja ile ile inayowapeleka watu kwenye upatu. Tofauti ni kwamba upatu wa watu kumi, Sh 2,000 kila wiki, unamrudishia kila mmoja 20,000 zake kamili zamu yake ikifika, na bahati nasibu inarudisha nusu, tena nusu yenyewe imerundikwa kwa wachache.

Halafu kuna mitego iliyomo kwenye mchezo wenyewe. Mzee ametaja seti zenye namba mbili, ni asilimia 13. Mtu anaziona mbili zake zimetoka anasema "nimekaribia". Hajakaribia chochote, droo ijayo inaanza upya, lakini ndiye anayerudi kesho. Mtego mwingine ni kucheza seti ile ile kila wiki: ukishaizoea huthubutu kuruka, kwa kuogopa itoke siku hiyo. Uholanzi wameujengea mchezo mzima, bahati nasibu ya posta, ambapo namba ya tikiti inaanza na namba ya posta ya mtaa wako. Mtaa ukishinda, asiyenunua anawaona majirani wakisherehekea. Kiakili ni kazi safi sana, na sipendi.

Akili ya mtu pia haitofautishi 1 kati ya milioni na 1 kati ya milioni 14. Zote inaziweka kwenye kapu la "inawezekana". Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walilieleza hilo mwaka 1979, kwamba uwezekano mdogo sana tunaupa uzito kuliko unavyostahili.

Wanaopenda msisimko bila kuliwa, Uingereza kuna dhamana za akiba zilizoanza mwaka 1956. Unaweka fedha serikalini, hupati riba, badala yake riba ya wote inachezeshwa kama zawadi kila mwezi, na fedha yako unaichukua yote siku ukitaka. Natamani benki zetu zilichukulie hili kwa uzito.

Chuma cha Tanga:

Na ile ya tarakimu tatu kwa simu, 000 mpaka 999? Si rahisi zaidi?

Mzee wa Hesabu:

Kushinda ni rahisi zaidi, 1 kati ya 1,000. Kupata faida ni jambo jingine. Tafuta wanalipa mara ngapi ya dau, gawa kwa 1,000. Majimbo mengi ya Marekani hulipa mara 500, kwa hiyo mchezaji anarudishiwa wastani wa nusu. Ukikuta wanalipa mara 200, wanarudisha asilimia 20 na wewe umewaachia 80. Zaidi ya hapo, tazama kasi. Droo ya mara mbili kwa wiki inakula taratibu. Droo ya kila saa, Sh 500 mara 10 kwa siku, hata ikirudisha nusu, wastani ni Sh 75,000 zimekwenda kwa mwezi. Wengi huhesabu dau, hawahesabu mara.

Karani:

Kibubu, nikurudishe kwenye kikundi chenu cha kumi.

Andikeni kabla ya kununua: majina, kila mtu anatoa kiasi gani, nani ananunua, na asiyelipa kabla ya saa fulani hayumo kwenye droo hiyo. Mstari huo wa mwisho msiuruke. Mkinunua za karatasi, mnunuzi apige picha pande zote mbili na aitume kwenye kundi kabla ya droo, siyo baada. Tikiti ya karatasi huwa ni ya aliyeishika mpaka itakapoandikwa jina, kwa hiyo iandikwe nyuma jina na saini. Mkicheza kwa simu, laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha huyo huyo anayecheza, maana zawadi hufuata usajili wa laini. Laini ya shemeji aliyeko Mwanza itawatia kwenye mgogoro.

Hakikisheni mchezo una leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa Sheria ya mwaka 2003, Sura ya 41. Kodi ya ushindi hukatwa kabla hujalipwa, na kiwango chake hubadilika kwa Sheria ya Fedha ya mwaka husika. Mwendeshaji halali anakata, hakuombi umtumie. Anayetaka "ada ya kufungulia zawadi" au namba ya siri ni ndugu yake yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Peleka ujumbe wake 15040, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanaushughulikia.

Kibubu:

Shukrani sana wote. La mwisho: hizo tikiti kumi, tuandike seti tofauti au tukazie seti moja?

Karani:

Tofauti zote. Seti moja mara kumi haiongezi nafasi hata chembe. Seti kumi tofauti zinawapa jakpoti 1 kati ya 1,398,382, na uwezekano wa kupata chochote kwenye droo moja unafika kama asilimia 17, yaani karibu droo moja katika sita. Kwa kawaida hicho chochote kitakuwa namba tatu, Sh 10,000 kwa mfano wa Mzee, baada ya kutoa 60,000. Amueni mapema kama mtagawana buku buku au itanunua tikiti za droo ijayo. Wanaopigania jakpoti sijawaona, ila kwenye ile elfu kumi ndipo vikundi vinapovunjika.